Paka wa Kisukari Asiyesikia Insulini: Lini Apigwe Picha ya Kichwa

Wenye paka hapa Kisumu huniletea swali moja kwa sura nyingi. Paka anachomwa insulini asubuhi na jioni, dozi imepandishwa tena na tena, na bado bakuli la maji halikai na kitu na mchanga wa choo umelowa. Mwenyewe amesikia kwamba kuna uvimbe wa ubongo unaoleta hali hiyo. Anataka kujua kama ampeleke Nairobi wiki hii akapigwe CT, ile eksirei ya mashine inayoonyesha kichwa kipande kwa kipande.

Uvimbe huo upo, na si adimu kama tulivyofundishwa zamani. Chini ya ubongo wa paka, juu ya paa la koo, kuna tezi ya pituitari iliyo na ukubwa wa punje ya ndengu. Seli zake zinazotengeneza homoni ya ukuaji zikigeuka uvimbe, homoni hiyo humwagika kupita kiasi, ini hujibu kwa kutoa kwa wingi homoni nyingine ya kujenga mwili iitwayo IGF-1, na mwili huacha kuitikia insulini. Hali hiyo huitwa akromegali. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015, uliopima damu ya paka 1,221 wenye kisukari, ulikuta takriban mmoja kati ya wanne akiwa na IGF-1 ya kiwango kinachoashiria ugonjwa huu, na wengi wao madaktari wao hawakuwa wameushuku. Hao ni paka wa Uingereza, na takwimu yao haihamii mitaa yetu ya Kondele au Milimani hivi hivi, lakini inatosha kumzuia mtu kusema "haiwezekani".

Hata hivyo, picha ya kichwa hujibu jambo moja tu: tezi ina ukubwa gani na imekaa vipi. Haitakuambia kama insulini yako iliharibika kwenye friji. Kwa mtu wa Kisumu, mwenye kilomita 350 hivi mbele yake na bili ya nusukaputi juu, mpangilio wa hatua ndio unaookoa pesa na paka.

Sukari haishuki, dozi inapanda

Anza na bomba la sindano. Insulini ya wanyama huja ikiwa na uniti 40 kwa kila mililita. Ile ya watu tunayonunua kwa kemisti ina uniti 100. Kila moja ina bomba lake: kifuniko chekundu kwa kawaida ni la 40, cha rangi ya chungwa ni la 100. Ukivuta insulini ya 40 kwa bomba la 100 hadi alama ya 5, paka amepata uniti 2 tu, na wewe umeandika 5 kwenye daftari. Ukikosea upande wa pili ni hatari zaidi: insulini ya 100 ndani ya bomba la 40, alama ya 2, ni uniti 5, na paka anaweza kuanguka kwa sukari kushuka. Mwambie anayemchoma paka aje na chupa na bomba lenyewe, avute dozi mbele ya daktari. Maelezo ya simu hayatoshi. Nimeona nyumba ambamo baba huchoma asubuhi kwa bomba moja na msichana wa kazi huchoma jioni kwa jingine.

Kisha joto. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Mchana wa Kisumu hupanda kufika 30 na kuvuka, na gari lililoegeshwa juani ni jiko kabisa. Stima ikipotea usiku kucha, mtungi wa udongo wenye maji husaidia, ingawa kwa unyevu wetu wa ziwani haupoi vizuri kama kule Nakuru. Kosa lisilotajwa sana ni la upande wa pili: chupa iliyosukumwa nyuma ya friji ikagandana na barafu. Insulini iliyoganda hata ikiyeyuka imekwisha, itupe. Ile ya mawingumawingu kwa kawaida inageuzwa taratibu viganjani kabla ya kuvutwa, haitikiswi, ila fuata maelekezo ya chupa yako.

Aina ya insulini pia ina neno lake. Mchanganyiko wa 70/30 unapatikana kila kona kwa sababu watu wengi wanautumia, lakini paka huimaliza insulini haraka kuliko mtu, na mchana wa saa nane ule mchanganyiko umeshaisha nguvu. Glajini, insulini ya kazi ndefu, mara mbili kwa siku huwafaa wengi zaidi. Ukibadilisha, siku za kungoja kuona kama dozi inafanya kazi zinaanza kuhesabiwa upya.

Uliza pia paka alichomwa nini miezi ya karibuni. Sindano ya steroidi ya muda mrefu kwa ajili ya muwasho hukaa mwilini wiki kadhaa na kuizuia insulini. Sindano ya kuzuia uzazi yenye projestini, homoni ya kike ya kutengenezwa, hufanya vivyo hivyo. Meno yaliyooza, mkojo wenye bakteria, kongosho lililovimba, tezi ya shingo iliyozidi kazi: kila kimoja kinatosha kupandisha dozi bila uvimbe wowote wa ubongo. Na chakula. Paka wengi wa hapa wanakula ugali uliopakwa mchuzi wa omena. Geuza, omena ya kuchemsha isiyo na chumvi iwe ndiyo chakula, ugali uondoke, lakini upime sukari siku hizo kwa sababu haja ya insulini inaweza kushuka ghafla. Omena peke yake si lishe kamili kwa miezi. Daktari akupangie kilichobaki.

Mwisho wa hatua hii ni kipimo chenyewe. Paka aliyefika kliniki kwa boda boda ndani ya kikapu, mbwa wakibweka pembeni, anaweza kuonyesha sukari ya juu kwa woga tu. Mpime nyumbani, tone la ukingo wa sikio, kila saa mbili kwa saa 12. Glukomita za watu huwa zinasoma chini kidogo ya ukweli kwa paka, kwa hiyo namba kubwa usiitilie shaka. Namba ndogo ndiyo ya kuangaliwa mara ya pili. Kama paka hashikiki, kipimo cha damu kiitwacho fruktosamini hutoa picha ya sukari ya wiki kadhaa zilizopita bila kujali woga wa siku hiyo.

Kama haya yote ni safi na bado anahitaji zaidi ya uniti 1.5 hadi 2 kwa kila kilo kwa kila sindano, hapo sasa tuzungumze kuhusu pituitari. Paka wa kilo 5 anayechomwa uniti 10 mara mbili kwa siku na bado yuko kwenye 20 mmol/L hana tatizo la kawaida.

Anakula, anakunywa, na ananenepa

Hii ndiyo dalili ninayoiheshimu kuliko zote. Kisukari kisichodhibitiwa hukondesha. Paka ambaye sukari yake iko juu na uzito unapanda anakuambia kwamba kuna kitu kingine kinajenga mwili kwa nguvu. Mara nyingi ni dume aliyehasiwa, wa umri wa kati au mzee.

Mtazame kwa karibu. Inua mdomo wa juu kwa kidole gumba: taya la chini limetangulia mbele, chonge za chini zimesogea mbele mno ya za juu? Nafasi kati ya meno zimepanuka? Nyayo zimekuwa pana, uso umejaa, anakoroma akiwa macho? Mabadiliko haya huja polepole kiasi kwamba anayeishi naye hayaoni, kwa hiyo fungua simu utafute picha zake za miaka mitatu iliyopita. Daktari asikilize moyo, kwani misuli yake hunenepa pia. Sasa tahadhari: paka wengi wenye akromegali hawana sura hiyo kabisa. Kukosekana kwa uso mpana hakufuti chochote.

Ngozi inachanika, tumbo limelegea

Paka ambaye ngozi yake inapasuka ukimshika kumchoma, nywele zimepungua, tumbo linaning'inia na misuli imekonda, anaelekea ugonjwa wa Cushing: homoni ya kotisoli imezidi mwilini, na kwa paka walio wengi chanzo ni pituitari ile ile, kwa seli nyingine. Kipimo chake ni kuona kama kotisoli inashuka baada ya sindano ya deksamethasoni, aina ya steroidi, ya 0.1 mg kwa kilo, mara kumi ya dozi ya mbwa. Kwenye picha vimbe hizi mbili hazitofautiani. Homoni ndizo zinazozitofautisha.

Anazunguka upande mmoja, anagonga ukuta, anapata degedege

Pima sukari papo hapo. Ikiwa chini, mpake asali au glukosi kwenye fizi na ukimbie kwa daktari. Hilo si suala la picha. Ikiwa sukari haiko chini, uvimbe mkubwa unaosukuma ubongo juu yake unawezekana, na huyu ndiye paka anayestahili kuruka foleni. Upofu wa ghafla kwa paka mzee kwanza nashuku shinikizo la damu lililobandua retina, kwa hiyo apimwe presha na aangaliwe jicho. Uvimbe wa pituitari huwa unakua kuelekea juu, na mara chache unafika kugusa mishipa ya macho.

Damu itangulie picha

Kipimo ni IGF-1. Zaidi ya 1,000 ng/ml kwa paka mwenye kisukari huunga mkono akromegali kwa nguvu sana. Kabla ya kutoa damu, uliza maabara kama kipimo chao kimethibitishwa kwa paka, wanataka seramu kiasi gani, na sampuli isafiri kwa baridi au la.

Kuna mtego mmoja. Ini linahitaji insulini ili litengeneze IGF-1. Paka aliyegunduliwa juzi, ambaye hajaanza kuchomwa, anaweza kuwa na uvimbe na bado akaonyesha IGF-1 ya chini au ya wastani. Mchome kwa wiki 6 hadi 8, kisha rudia. Ikiwa iko karibu na mpaka, rudia tena baadaye, usiipige muhuri.

Picha gani, na haionyeshi nini

Eksirei ya kichwa haioni pituitari. Usiilipie kwa ajili hiyo. Eksirei ya kifua ina kazi yake, kuangalia moyo na mapafu kabla ya nusukaputi. Altrasaundi haipenyi fuvu. Ya tumbo huonyesha ini, figo, kongosho na tezi za adrenali, nazo adrenali zinaweza kuvimba katika akromegali vilevile kama katika Cushing, kwa hiyo adrenali nene peke yake isikupeleke upande mmoja.

Zinabaki CT na MRI, ile picha inayotumia sumaku. MRI huona tishu laini vizuri zaidi na hukamata uvimbe mdogo ambao CT inaupita, lakini paka hukaa chini ya nusukaputi muda mrefu zaidi na bei hupanda. CT ni dakika chache, na kwa uvimbe uliokwisha kukuza tezi inatosha, hata kwa kupanga mionzi au upasuaji. Mimi huchagua CT nzuri kuliko MRI ya harakaharaka.

CT nzuri ni ipi? Hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Mashine nyingi zimepangwa kwa kichwa cha mtu, vipande vya unene wa milimita 5. Pituitari ya paka ina urefu wa juu-chini wa milimita 3 hadi 3.5, na kutoka mbele hadi nyuma ni kama 5. Kwa mpango wa mtu mzima, tezi yote inaweza kuanguka ndani ya kipande kimoja, imechanganyika na mfupa na ubongo wa jirani, na ripoti ikarudi "hakuna kilichoonekana". Daktari wako aandike kwenye fomu: vipande vya milimita 1 au chini, eneo dogo la picha, uchakataji wa tishu laini pamoja na wa mfupa, kabla na baada ya dawa ya kung'arisha. Mtaalamu wa mashine hatachukia kuandikiwa, atachukia kurudia.

Dawa ya kung'arisha yenye aidini si ya kuongezea bili. Ubongo una kizuizi kinachozuia dawa hiyo kutoka mishipani, pituitari haina. Baada ya sindano tezi inang'aa, ubongo unabaki wa kijivu, na ukingo wa juu wa tezi unapimika. Bila dawa hiyo, tezi ndogo imefichika. Kabla yake pimeni figo, na paka aliyekauka maji aongezwe kwanza.

Kutokana na hilo kuna kosa la kusoma. Kung'aa si ugonjwa, kwani tezi yenye afya nayo hung'aa. Kinachosemwa na picha ni umbo na kipimo: zaidi ya milimita 4 kwa urefu wa juu-chini, au kichwa cha tezi kimetokeza juu ya kiti chake cha mfupa, ndipo tunazungumza kuhusu kuvimba. Kwenye MRI vilevile, sehemu ya nyuma ya tezi kwa kawaida huwa nyeupe katika T1, mojawapo ya aina za picha za MRI, hata kabla ya dawa. Asiyeizoea anaweza kuiita damu iliyovuja.

Picha imerudi na mistari, au imerudi "kawaida"

Mistari ya giza inayokatiza sakafu ya fuvu kutoka mfupa mzito wa sikio moja hadi la pili ni kazi ya mionzi kupita kwenye mfupa mnene. Vipande vyembamba huipunguza. Ukungu wa picha nzima kwa kawaida ni paka aliyetikisika kwa kuwa dawa ya usingizi haikutosha. Katika hali zote mbili omba mafaili yenyewe ya DICOM, yaani picha halisi kama zilivyotoka kwenye mashine, kwenye CD au kwa kiungo, ili mtaalamu wa picha za wanyama aliye mbali ayafungue na kupima mwenyewe. Filamu iliyopigwa picha kwa simu ikatumwa WhatsApp haipimiki.

Picha ikiwa safi kiufundi na tezi ni ya kawaida, rudi kwenye damu. IGF-1 ya 1,800 na tezi ya milimita 3.4 havipingani: uvimbe unaweza kuwa mdogo kuliko uwezo wa mashine, au seli zimeongezeka bila kufanya donge. Paka huyo anatibiwa kama mwenye akromegali na picha inarudiwa baada ya miezi. Kinyume chake, tezi iliyovimba na IGF-1 ya chini inataka uulize habari za Cushing, au uvimbe usiotoa homoni yoyote, au sampuli iliyochukuliwa mapema mno.

Safari na nusukaputi

Kutoka Nakuru ni kilomita 160 hivi hadi Nairobi, unaenda na kurudi siku moja. Kutoka Kisumu, panga kulala. Kabla ya kupanda gari, daktari wako apige simu hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete au kliniki kubwa ya mjini, aulize ni wapi paka anapigwa picha kwa wakati huo na nani atakayesimamia usingizi. Walioko Nakuru wana pia kitivo cha mifugo cha Egerton, Njoro, cha kuuliza ushauri wa rufaa. Kama picha itapigwa kwenye kituo cha watu baada ya saa za kazi, hakikisha daktari wa mifugo yuko chumbani mwanzo hadi mwisho.

Insulini isafiri kwenye chupa ya thermos yenye barafu, imefungwa kitambaa isiguse barafu. Beba glukomita na glukosi mkononi, si kwenye buti. Dozi ya asubuhi ya siku ya usingizi huwa inapunguzwa, mara nyingi nusu, na paka hafungi kula kwa saa nyingi kupita kiasi; fuata maagizo ya atakayemlaza, si ya jirani.

Atakayemlaza aambiwe mapema neno "akromegali". Ulimi na nyama za koo za paka hawa hunenepa, na mrija wa hewa unaoingia kwa paka wa uzito huo unaweza kugoma. Aandae mirija midogo zaidi. Moyo ulionenepa haupendi maji mengi ya mishipani, na sukari ipimwe kila nusu saa hadi ainuke.

Majibu yakishapatikana

Kabla hujalipia picha, jiulize itabadilisha nini. Upasuaji wa kuondoa pituitari ndio wenye matokeo bora, na paka wengi wanaoupitia huacha kuhitaji insulini. Lakini unafanywa katika vituo vichache duniani, kama Utrecht huko Uholanzi na chuo cha mifugo cha kifalme cha London. Mionzi huupunguza uvimbe, sukari ikiwa na tabia ya kufuata polepole. Dawa ya pasireotidi hufanya kazi na bei yake inatisha. Dawa ya kabergolini ni nafuu, majaribio yake yametoa majibu tofauti tofauti, na kwa wengi wetu ndiyo pekee iliyo karibu.

Kwa hiyo paka mwenye IGF-1 ya juu, asiye na dalili za ubongo, ambaye mwenyewe ataendelea na insulini na labda kabergolini, anaweza kutibiwa bila CT. Nasema hivyo wazi kwa sababu kuna watu huuza mbuzi kulipia picha isiyobadilisha sindano ya kesho. Mwenye dalili za ubongo, au anayefikiria mionzi, ndiye ambaye picha inamlazimu.

Dozi kubwa usiifukuzie nyumbani peke yako. Homoni ya ukuaji haitoki kwa kiwango kimoja kila siku, na paka aliyezoea uniti 12 anaweza kuzishindwa asubuhi moja, hasa akishaanza dawa ya tezi. Pima kabla ya kila sindano. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, usichome, mpe chakula, piga simu.